Maji, Chumvi na Sukari

Katika maongezi haya twapenda kuwaeleza wasikilizaji na wasomaji wetu habari ya dawa moja isiyo na harufu kali, wala rangi ya kutisha, wala bei kubwa. Dawa yenyewe ni maji yaliyotiwa chumvi na sukari kwa kipimo. Labda mtu atauliza, "Je, hiyo nayo ni elimu?" Twamjibu kwamba ni elimu, tena ni elimu iliyowachukua mabingwa zaidi ya miaka 130 kuikamilisha. Na hata leo wako watoto wanaokufa kwa sababu wazazi wao hawakuipata, au waliipata wasiiamini.

Kuhara huuaje?

Watu wengi hudhani kwamba afaye kwa kuhara huuawa na uchafu uliomo tumboni. Kwa hiyo husema, afadhali utoke wote. Wengine humnyima mtoto maji, wakifikiri kwamba akinywa atazidi kuhara. Mawazo hayo mawili yamezika watoto wengi. Kiuacho, mara nyingi, ni ukavu. Mwili wa mwanadamu zaidi ya nusu yake ni maji, na mwili wa mtoto mchanga una maji mengi zaidi kuliko wa mtu mzima. Damu nayo ni maji yaliyochukua vitu vingine, na katika vitu hivyo imo chumvi. Mtu aharapo, maji na chumvi humtoka pamoja. Damu hupungua, moyo hupiga mbio, mkojo hukatika, macho huingia ndani, ngozi ikifinywa hukawia kurudi mahali pake.

Na tufanye hesabu kama tufanyavyo darasani. Mtoto mwenye uzito wa kilo 10, akipungukiwa na maji kiasi cha sehemu moja katika 10 ya uzito wake, amepoteza kilo moja, yaani lita moja tu; naye yu katika hatari kubwa ya kufa. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Hivyo aliyekuwa mzima alfajiri aweza kuwa maiti kabla ya jua kuchwa. Watu wa Unguja waliyaona mambo hayo mwaka 1869 na 1870, maradhi yale yaliposhuka kutoka bara mpaka pwani. Na daktari James Christie, aliyekuwa akikaa Unguja siku zile, aliandika habari zake katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1876.

Waliotafuta dawa

Mwaka 1831 daktari kijana, William O'Shaughnessy, aliipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu huko Uingereza, akaona kwamba imepungukiwa na maji na chumvi. Mwaka uliofuata daktari Thomas Latta, wa mji wa Leith katika Scotland, akatia maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa, na wengine waliokuwa karibu na kufa wakapata nguvu. Njia hiyo ya mshipa yatumika hata sasa hospitalini kwa wagonjwa waliozidiwa, na ni njia njema. Walakini yahitaji sindano safi, maji yasiyo na kijidudu hata kimoja, na mkono wa mtu aliyefundishwa. Je, aliye mbali na hospitali afanyeje?

Mtu atasema, "Basi na anywe maji ya chumvi." Lakini mgonjwa wa kipindupindu akinywa maji ya chumvi peke yake, sehemu kubwa hupita tu na kutoka. Jibu lilikuwa limefichika katika utumbo wenyewe. Mwaka 1960, katika mkutano wa wataalamu mjini Prague, bingwa mmoja Mmarekani, Robert Crane, alieleza namna sukari ipitavyo katika ukuta wa utumbo mwembamba.

Tuseme kwa mfano kwamba katika ukuta ule mna vivuko vidogo mno. Kivuko hakiondoki kikiwa na chumvi peke yake, wala sukari peke yake. Hungoja abiria wote wawili. Wakiisha kuvuka pamoja, maji huwafuata nyuma. Na ajabu ni hii: sumu ya vijidudu vya kipindupindu huvuruga mambo mengi katika utumbo, lakini kivuko hiki haikivunji. Ndiyo sababu mgonjwa aharaye sana bado aweza kurudishiwa maji kwa kinywa, maadamu chumvi na sukari zimo kwa kiasi kifaacho.

Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash waliwapa wagonjwa wa kipindupindu maji hayo ya kunywa, wakapima yaingiayo na yatokayo, wakawalinganisha na wagonjwa waliotiwa maji ya mshipa tu. Wakaona kwamba waliokunywa walihitaji maji machache sana ya mshipa.

Basi mwaka 1971 ikatokea vita katika nchi ile, ambayo sasa ni Bangladesh, na watu wapatao milioni 10 wakakimbilia Uhindi. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kikaingia makambini. Daktari Dilip Mahalanabis alikuta hospitali yenye vyumba viwili, na wagonjwa wamelala hata sakafuni. Maji ya mshipa yalikuwa yakiisha. Akaamua kutumia yale ya kunywa. Chumvi, glukosi na magadi ya kupikia vilipimwa Calcutta, vikafungwa katika vifuko, vikachanganywa na maji ndani ya mapipa yenye bomba; na ndugu za wagonjwa, watu wasio waganga, wakapewa vikombe wawanyweshe wagonjwa wao. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Katika waliotunzwa hivyo walikufa chini ya 4.

Wanawake waliokwenda nyumba kwa nyumba

Kuijua dawa ni jambo moja, na kuifikisha jikoni ni jambo jingine. Tangu mwaka 1980 hata 1990 shirika liitwalo BRAC, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed, liliwatuma wanawake kwenda vijijini mwa Bangladesh, nyumba kwa nyumba. Hawakuchukua vifuko, maana vifuko visingetosha. Walimfundisha mama kutumia vitu alivyo navyo: chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, na maji yaliyopimwa. Mama mwenyewe aliyachanganya mbele ya mwalimu wake, si kutazama tu.

Na ujira wao ulikuwa wa namna ya pekee. Msimamizi alifuata nyuma baada ya siku kadhaa, akachagua baadhi ya nyumba, akawauliza akina mama wanakumbuka nini. Mwalimu alilipwa kwa kadiri ya yale waliyoyakumbuka wanafunzi wake. Sisi tulio walimu na tulifikirie jambo hilo: kama tungelipwa hivyo, wangapi tungepata mshahara mzima?

Hata hivyo, mwanzoni akina mama wengi walijua lakini hawakutumia. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba baadhi ya wale wanawake wafundishao hawakuiamini dawa yao wenyewe, na kwamba wanaume vijijini hawakuelezwa lolote, nao wakaikataa. Basi wafundishao wakapelekwa Dhaka kuona kwa macho yao jinsi wagonjwa wanavyoinuka. Na wanaume wakakusanywa, wakaelezwa sokoni, shuleni na misikitini. Tangu hapo kazi ikaendelea vizuri, hata nyumba zipatazo milioni 12 zikafikiwa.

Na sababu kubwa ya watu kutoiamini ni hii: dawa hii haifungi tumbo. Mtoto aweza kuendelea kuhara siku mbili tatu, naye anapona, kwa kuwa kitokacho kinarudishwa. Asiyeelewa hilo huitupa dawa siku ya kwanza.

Namna ya kuitumia

Lililo bora ni kifuko kitolewacho zahanati, maana kina chumvi ya namna zaidi ya moja. Kwa kipimo cha Shirika la Afya la Ulimwengu cha mwaka 2002, kifuko cha lita moja kina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloraidi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Usipokuwa na kifuko, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu, ukoroge mpaka viyeyuke. Usizidishe chumvi hata kidogo. Chumvi nyingi yaweza kumdhuru mtoto. Onja: yasiwe na chumvi kupita machozi. Yakiisha kukaa siku moja yamwagwe, yatengenezwe mengine.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu ya kikombe kikubwa kila aharapo. Aliye mkubwa kidogo apewe nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uendelee kijiko kwa kijiko. Anyonyaye aendelee kunyonya, na alaye aendelee kula. Tangu mwaka 2004 waganga hushauri pia vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14, waulizeni zahanati. Lakini mtoto akihara damu, au akishindwa kunywa, au akilegea na kusinzia kupita desturi, msikawie: mpelekeni hospitali, huku mkimnywesha njiani kama aweza kumeza.

Kazi zitokazo katika elimu hii

Wanafunzi wetu wengi hudhani kwamba elimu ya sayansi ni ya kuwa daktari au kutokuwa kitu. Tazameni habari hii moja imewapa kazi watu wangapi. Yuko mpimaji aliyepima damu, na mtaalamu wa utumbo aliyefanya kazi mbali na mgonjwa yeyote. Wako wauguzi, wafamasia na mafundi wa viwanda vya vifuko. Wako wachimbaji wa visima, wapimaji wa maji, waandishi wa hesabu za wagonjwa. Na wako wale wanawake wa vijijini, waliotumwa kufundisha somo moja tu, wakaokoa maisha. Katika nchi zetu pia kazi hiyo yapanuka: mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na mwaka 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwafunza wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka 5.

Kwa hiyo, mwanafunzi usikiaye habari ya dawa mpya, usiimeze wala usiitupe. Uliza: imejaribiwa kwa nani? Walilinganishwa na nani? Hufanyaje kazi? Maswali hayo ndiyo yaliyoulizwa Dhaka mwaka 1968.

Bado kazi haijaisha. Kwa makadirio ya mwaka 2024 ya Shirika la Afya la Ulimwengu, kuhara huua watoto zaidi ya 400,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka. Wengi wao wangeweza kuokolewa kwa maji safi, choo, mikono iliyooshwa kwa sabuni, na kikombe hiki tulichokieleza. Basi usomapo maongezi haya, usiyasome peke yako. Msomee mama, msomee na baba, kisha pimeni pamoja lita moja ya maji, mkaonje. Afadhali mjifunze leo mtoto akiwa mzima, kuliko kutafuta kijiko usiku wa manane.