Siti Saba, Buti Hakuna

Katika yadi za magari za Dar es Salaam na Mombasa, gari dogo la familia huuzwa kwa maneno mawili: siti saba. Wazazi wenye mtoto wa miaka minne na mwingine wa mwaka na nusu, pamoja na dada wa kazi na bibi anayekuja kila likizo, wakisikia hivyo wanaona mambo yamekwisha. Saba zinatosha, tena zinabaki. Lakini siti zilizoandikwa kwenye kadi ya gari ni kitu kimoja, na siti zinazokalika watoto wakishafungwa kwenye viti vyao ni kitu kingine.

Chanzo kiko Japani. Kule magari ya abiria husajiliwa kwa madaraja, na gari lisilozidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na injini ya lita 2 huingia daraja dogo. Ndiyo maana Toyota Sienta na Honda Freed zinazoletwa kwetu zina upana wa milimita 1,695, yaani milimita tano tu kabla ya mpaka. Toyota Wish ya kawaida ya mwaka 2003 nayo ni hivyo hivyo. Hata Toyota Noah ya kawaida ya kabla ya 2022, tunayoiona kubwa, haizizidi upana. Imezizidi urefu na kimo. Kwa mzazi maana yake ni hii: siti ya katikati ina mikanda mitatu, lakini ukishafunga viti viwili vya watoto, kinachobaki kati yake ni nafasi ya kukaa upande upande. Viti vitatu vya watoto kwa mstari mmoja usivitarajie, labda viwe vile vyembamba sana. Mtu wa tano anasukumwa nyuma, kwenye siti ya tatu.

Na siti ya tatu ikifunguliwa, buti limekwisha. Sienta na Freed zina urefu wa mita 4.2 hivi, na ndani ya urefu huo hakuna muujiza: nyuma inabaki nafasi ya mifuko michache ya sokoni, na kichwa cha aliyekaa huko hakiko mbali na kioo cha mlango wa buti. Kwa hiyo, bila viti vya watoto, ni magari ya watu watano na mizigo yao, au watu saba wasio na mizigo. Safari ya Desemba kwenda Moshi, pamoja na mabegi, ndoo na kigari cha mtoto, itadai keria juu ya paa. Kwa safari za mjini, kumpeleka bibi kanisani au kuwachukua watoto wa jirani shuleni, siti hizo mbili za nyuma zina thamani yake.

Jambo ambalo muuzaji hakuonyeshi ni jinsi siti hiyo inavyofunguliwa. Kwenye Sienta inajificha chini ya siti ya katikati. Ni ubunifu mzuri, sakafu ya buti inabaki tambarare, ila ili kuitoa au kuirudisha lazima kwanza uikunje siti ya katikati na kuisukuma mbele. Sasa kama juu yake kuna kiti cha mtoto kilichofungwa, na mtoto amelala? Utakifungua kiti chote. Freed inafanya vingine: siti za nyuma zinainuliwa na kubanwa kwenye kuta za buti, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, bila kugusa siti ya katikati. Ukipata ile yenye siti mbili zilizotengana katikati, mtoto mkubwa anapita kati ya wadogo zake mwenyewe hadi nyuma. Unapoteza siti moja, unapata amani. Mimi ningeilipa hiyo bei bila kusita.

Milango ya kuslaidi ndiyo sababu ya pili ya kuyachagua magari haya, na hapa Wish inaachwa nyuma kwa sababu milango yake ni ya kawaida. Mtoto wa miaka minne hufungua mlango kwa nguvu zake zote, awe kwenye maegesho yaliyobanana au kando ya barabara ambako bodaboda inapita. Mlango wa kuslaidi haumgongi mtu. Ule wa umeme ni raha zaidi ukiwa umembeba mtoto mkononi, lakini una mota na kebo zinazochakaa, na vumbi letu linaingia kwenye reli. Ufungue na kuufunga mara nyingi kabla ya kulipa, na usikilize kama unakwaruza au unasita njiani.

Kuhusu viti vya watoto vyenyewe, uliza mwaka. Japani ililazimisha vyuma vya ISOFIX, vile vya kushikia kiti cha mtoto bila mkanda, kwa magari mapya kuanzia Julai 2012. Kwa gari la zamani zaidi, ingiza vidole kati ya mgongo na kalio la siti ya katikati uvitafute. Mtoto mchanga atazame nyuma, na asiwekwe kamwe kwenye siti ya mbele yenye begi la hewa linalofanya kazi.

Injini si ya kuumizia kichwa. Sienta ya kwanza, iliyoanza 2003, inatumia 1NZ-FE ya sisi 1,496, ile ile ya IST na Probox, kwa hiyo spea na mafundi wapo kila mtaa. Gia za CVT zinataka oili yake maalumu. Fundi atakayekuambia oili yoyote ya gia otomatiki inafaa, mwage. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hivyo Sienta ya kwanza, iliyokoma 2015, huko inapatikana kwa mkono wa pili wa ndani tu. Tanzania inaruhusu, lakini ushuru wa uchakavu unaweza kuila ile nafuu uliyoiona kwenye bei ya Japani.

Uamuzi wangu: watoto wawili wadogo na abiria wa mara kwa mara, Freed yenye siti za katikati zilizotengana; fedha ikiwa ndogo au fundi wa Honda akiwa mbali, Sienta. Watoto watatu wanaohitaji viti vyao wote, ongeza fedha uchukue Noah, kwa ajili ya siti yake ya tatu na buti. Na siku ya kwenda yadi, nenda na viti vya watoto na kigari, uvifunge ndani ya gari hilo mbele ya muuzaji kabla hamjaanza kuzungumza bei.