Mirathi ya Muislamu: Hakimu Anafuata Sheria Ipi?

Baba yangu mdogo alipofariki kule Kyerwa, mama mdogo alibaki na watoto watatu na kibanja cha ekari nne, migomba na kahawa, ambacho marehemu alikinunua mwenyewe. Arobaini haijafika, kikao cha ukoo kikasema mke harithi. Mimi nilikuwa likizo. Mama mdogo akaniuliza: "Mwanangu, wewe msomi, huko mahakamani kuna kadhi?" Nikaona aibu, sikujua. Ikabidi nisome.

Jibu ni hapana. Zanzibar ina mahakama za kadhi, na Kenya imeziweka kwenye katiba. Tanzania Bara ziliondolewa kwenye mfumo wa serikali kwa sheria ya mwaka 1963.

Lakini ndugu msomaji, kukosa kadhi siyo kukosa sheria ya Kiislamu. Hakimu wa mahakama ya mwanzo, awe Muislamu au Mkristo, anaruhusiwa kuitumia kwa Waislamu kwenye mirathi na wakfu. Shida ni kwamba mirathi ya Mnyambo au Mhaya inaweza pia kuamuliwa kwa mila. Hapo hakimu anatazama mambo mawili: marehemu aliishi maisha gani, na alikusudia mali yake igawiwe vipi? Kuitwa jina la Kiislamu tu haitoshi. Je, alikuwa anaswali? Alifunga ndoa ya Kiislamu? Aliacha wasia?

Kwa nini inaleta tofauti? Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu kama watu wa ukoo wa mume wapo. Atatunzwa na watoto wake. Kwa sheria ya Kiislamu, mume akiacha watoto, mjane anapata moja ya nane ya kinachobaki baada ya madeni na wasia. Kwa ekari nne, hiyo ni nusu ekari.

Sheikh anaweza kueleza mafungu, lakini msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama, na ndiyo inayoweza kumwondoa.

Mama mdogo alienda na cheti cha ndoa, na imamu akawa shahidi. Nusu ekari yake ameipata. Bila cheti kile sijui tungesema nini. Kwa hiyo ukirudi nyumbani likizo hii, Karagwe au kwingine, waulize wazazi: cheti cha ndoa kiko wapi? Wasia je?