Deni la Sayansi kwa Watu wa Antioquia

Sayansi inapopata ushindi, aghalabu sifa humwendea mwenye darubini, na yule aliyetoa damu yake ipimwe husahauliwa. Habari za uchunguzi wa ugonjwa wa Alzheimer zatuonyesha kwamba mazoea hayo si ya haki.

Ugonjwa huu humnyang'anya mtu kumbukumbu, kisha maneno, na mwishowe hata sura za watoto wake. Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Katika ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki aliona mambo mawili: madonge nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Ilipita miaka karibu 80 kabla ya wataalamu kutambua kwamba madonge yale ni vipande vya protini viitwavyo amiloidi, na kwamba nyuzi zile ni za protini nyingine, tau. Walakini swali kubwa lilibaki: madonge hayo yaanzia wapi?

Sehemu ya jibu ilipatikana katika milima ya Antioquia, nchini Kolombia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Dr. Francisco Lopera, aliyekulia katika mji mdogo wa Yarumal mkoani humo, alimpokea mgonjwa wa miaka 47 aliyesahau mambo kama kikongwe. Baba na babu wa mgonjwa huyo walikuwa wameugua vivyo hivyo. Wenyeji waliuita ugonjwa huo "la bobera", yaani upumbavu, na wengine walidhani ni laana, au kwamba huwapata waliogusa mti fulani.

Lopera hakuwadharau. Yeye na muuguzi Lucía Madrigal walikwenda kijiji kwa kijiji, katika nchi iliyokuwa vitani, wakiuliza nyumba kwa nyumba na kupekua madaftari ya makanisa, hata wakaunganisha nasaba ya watu wapatao 6,000.

Mwaka 1995 kosa lenyewe lilijulikana. Limo katika jeni iitwayo presenilini 1, nalo ni la herufi moja tu. Presenilini hufanya kazi mithili ya makali ya mkasi: huikata protini ndefu iwe vipande. Penye kosa hili mkasi hukata vibaya, na vipande vyenye kunata vikazidi, vikagandamana kuwa madonge yale aliyoyaona Alzheimer. Aliyerithi kosa hilo huanza kupungukiwa na kumbukumbu akiwa na miaka kama 44, na afikapo 49 akili imekwisha vurugika. Kila mtoto wa mwenye kosa hilo ana nafasi moja katika mbili ya kulirithi.

Yafaa tuelewe kwamba wagonjwa walio wengi duniani hawana kosa hili. Wao huugua uzeeni, na sababu zao ni nyingi. Lakini madonge ni yale yale, na nyuzi ni zile zile. Kwa hiyo linalojifunzwa Antioquia lawafaa wote.

Watu hao walitoa damu yao. Ndugu zao walipofariki, walikubali bongo zihifadhiwe katika Chuo Kikuu cha Antioquia. Katika jaribio lililoanza mwaka 2013, watu 252 wa ukoo huo walijitolea kupimiwa dawa ya krenezumabu kabla ya dalili kutokea. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba dawa hiyo haikuleta nafuu ya kutegemewa.

Hata hivyo kazi haikupotea. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya mama mmoja wa ukoo huo ambaye, ijapokuwa alirithi kosa, alibaki na akili timamu hadi miaka ya sabini ya umri wake. Ubongo wake ulijaa amiloidi, lakini tau ilikuwa kidogo. Alikuwa na badiliko jingine, la nadra sana, katika jeni ya APOE, nalo ndilo wataalamu wanalodhani lilimkinga. Basi imedhihirika kwamba madonge peke yake hayatoshi kumwangusha mtu, na sasa wachunguzi wanatafuta dawa ya kuiga kinga hiyo.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa ya lekanemabu, ambayo huondoa amiloidi na kupunguza kidogo mwendo wa ugonjwa. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 26,500 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ni mkulima gani wa Yarumal awezaye kulipa fedha hizo?

Dr. Lopera alifariki Septemba 2024. Alijua tangu mwanzo kwamba bila imani ya wale watu asingefika popote. Hilo ndilo deni. Dawa ya kweli itakapopatikana, iwafikie kwanza wale ambao miili yao ilifungua njia, wala isiwe mali ya wenye fedha peke yao.

Nasi pia tuna la kushika. Mzee anayepotea njia ya nyumbani kwake, au anayemwita mwanawe kwa jina la marehemu, hajarogwa wala si mchawi. Ni mgonjwa. Astahili daktari, na anayemwuguza, ambaye mara nyingi ni binti au mke, astahili kusaidiwa.