Mlima Uliturudisha, Tukajifunza

Miezi mitatu tulijizoeza kupanda Kilimanjaro, mita 5,895. Miguu ilikuwa tayari, lakini tulikwenda mbio. Tulipofika Horombo, mita 3,720, mwenzetu alitapika, akaanza kuyumba kama mlevi. Kumbe kichwa kilimuuma tangu mchana. Aliona haya kutuchelewesha! Kwa uuguzi wetu tulijua dawa ya kwanza ni kushuka. Tukamshusha usiku ule ule, wengine wakilia. Alipona.

Tulijifunza nini? Mazoezi ya nyumbani huimarisha miguu, hayauzoeshi mwili hewa nyepesi ya juu. Safari ijayo tutalala Horombo siku mbili, tutatembea polepole, na anayeumwa atasema mapema. Kilele hakihami. Watoto wetu wanatungoja nyumbani.