MOYO NA UBONGO VIKIGOMA PAMOJA, DAKTARI AANZE NA KIPI?

Hebu vuta picha, msomaji. Mzee anashika kifua, jasho linamtiririka. Kabla hamjapata teksi, mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki na maneno yanamtoka kama ya mlevi. Majirani wanajazana. Mmoja anasema ni moyo, wa pili anasema ni kiharusi, wa tatu (hakosekani huyu) anasema karogwa.

Wa kwanza na wa pili wanaweza kuwa sahihi wote. Shambulio la moyo na kiharusi kwa mpigo ni jambo la nadra, lakini lipo. Moyo ukidunda ovyo, damu hutuama ndani yake na kuganda. Kipande kimoja cha donge kinaziba mshipa wa moyo wenyewe, kingine kinapanda kichwani. Au moyo unaanza kuumia, damu inaganda kwenye msuli uliolegea, kisha donge linasafiri.

Kasheshe ni kwenye matibabu. Mwenye shambulio la moyo hupewa aspirini haraka. Lakini kiharusi kiko cha aina mbili: mshipa kuziba na mshipa kupasuka. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, hata uwe profesa. Kama umepasuka, aspirini inaweza kuzidisha damu kuvuja. Kwa hiyo ukiona mdomo umepinda, usimpe aspirini nyumbani, wala maji, maana anaweza kupaliwa. Kichwa kipigwe picha kwanza, na moyo upimwe umeme wake.

Tuseme picha inaonyesha mshipa umeziba. Bado si shwari. Ipo sindano ya kuyeyusha donge, alteplesi. Kwa kiharusi kipimo chake ni miligramu 0.9 kwa kila kilo ya mwili, isizidi 90, kwa dakika 60. Kwa moyo kinaweza kufika 100, kwa dakika 90. Ukimpa cha moyo, ubongo uliokwishaumia unaweza kuvuja damu. Na moyo ulioumia vibaya nao unaweza kuchanika, damu ikaubana kwa nje. Utata mtupu!

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2018 ulisema ni busara kutoa kipimo cha kiharusi, kisha kuuzibua mshipa wa moyo kwa mrija ikihitajika. Penye vifaa na wataalamu, mrija unaweza kuvuta hata donge la kichwani. Kipi kianze? Kama presha imeporomoka na moyo unazimika, wengi huanza na moyo, kwani ubongo bila damu hauponi. Moyo ukiwa umetulia, ubongo unatangulia. Wagonjwa hawa ni wachache, hivyo daktari anaamua kitandani, mmoja mmoja.

Kwa Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili, inazibua mishipa ya moyo kwa mrija. Ila sindano ile ya kiharusi kwa kawaida ina mwisho wa saa nne na nusu. Ukipitia kwa mganga kwanza, umeshazila.

Mapokezi utaulizwa: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? "Tangu jioni" halisaidii kitu, taja saa. Na kama aliamka tayari amepinda, hesabu inaanzia pale alipopanda kitandani akiwa mzima.