Ruta iliyoalikwa Freemason

Ujumbe wa kwanza ulitoka kampuni ya simu: robo tatu ya bando imeshatumika. Wa pili ulisema bando limekwisha muda. Wa tatu ulitoka kwa mtu asiyejitambulisha, akiagiza kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii. Akafuata mganga mwenye dawa ya kurudisha mali iliyopotea, ikafuata bahati nasibu, kampuni ya simu tena, na chini kabisa wakala wa Freemason akimkaribisha mpokeaji ajiunge atajirike, bila kafara. Mpokeaji hajawahi kumjibu hata mmoja wao. Mpokeaji ni ruta nyeupe iliyokaa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwa mwalimu mmoja, hapa Tosamaganga, kilomita zipatazo 15 kutoka Iringa mjini.

“Ruta ina namba ya simu kama wewe na mimi,” alisema fundi, akiteremsha ile orodha kwa kidole. “Watu wanachomeka laini, taa inawaka, wanaondoka. Kampuni ikitaka kusema bando limeisha, inamwambia mwenye namba. Mwenye namba ni ruta. Ruta itamwambia nani, kaka?”

Sikwenda Tosamaganga kwa ajili ya ruta. Nilikwenda kutazama majengo ya zamani ya Wamisionari wa Consolata, makala ambayo huenda nikaiandika siku nyingine. Lakini ukiwa mgeni unapiga hodi, unaitikiwa “Kamwene”, unapewa kiti, na ukishapewa kiti huwezi kukataa kutazama kinachofanyika mezani. Kilichokuwa kikifanyika ni fundi, mwanamke wa makamo, miwani ikining’inia puani, kufungua ukurasa wa ndani wa ruta kwa anwani ya 192.168.8.1 na kusoma barua za mashine. Tangu siku hiyo jambo hilo limekataa kunitoka kichwani.

Fundi ameomba nisimtaje jina. Wateja wake wengi ni majirani, na hataki ionekane kwamba anawasemea vibaya watoa huduma wao. Kazi alianza na redio, akahamia simu, kisha vifaa vya sola, na sasa anafunga intaneti kwenye nyumba za walimu, wauguzi na wafanyabiashara. Hakusomea chuo. Anachokijua amekipata kwa kufungua, kuunguza na kufungua tena.

Nyumba ya mwalimu ina intaneti ya dishi: kisahani juu ya bati kinachoelekea mnara ulio upande wa mjini. Siku nyingi inatosha. Ila kuna siku haitoshi, na kila aliyewahi kuwa na mtoto anayeomba mkopo wa elimu ya juu anazijua siku hizo: dirisha la maombi linakaribia kufungwa, kumbukumbu namba ya malipo haijatoka, viambatanisho havijapanda, na nje radi inanguruma. Ndipo mwalimu alipomwita fundi amfungie ruta ya pili, ya laini ya simu, ya akiba.

Ya akiba! Hapo ndipo fundi anapoanza kucheka.

“Kitu cha akiba kinakufa kimyakimya, kwa sababu hakuna anayekitumia. Dishi likikatika, saa hiyohiyo watoto wanapiga kelele. Laini ya akiba bando likiisha, nani atapiga kelele? Hapa limeisha zamani. Mwalimu alikuwa analala akijua ana njia mbili. Alikuwa na moja.”

Kwa hiyo jambo la kwanza analowafundisha wateja halihusu waya wala nywila. Ni tarehe. Mara moja kwa mwezi, chomoa dishi kwa makusudi, kaa robo saa na laini peke yake, fungua tovuti, piga simu ya WhatsApp, kisha rudisha. Soma meseji za ruta. Laini iwe imesajiliwa kwa jina la mtu aliye hai na anayepatikana, kwa maana laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na siku laini ikifungwa kwa kutotumika ni kidole cha mtu huyo kitakachohitajika dukani. Ameshakutana na ruta ambayo laini yake ilisajiliwa na shemeji aliyehamia Oman.

Jambo la pili ni mahali pa kuikalisha ruta, na hapa fundi hana haraka. Nchi hii ya Iringa ni ya mawe. Kuna miamba mikubwa kuliko nyumba, na mwamba hauna huruma na mawimbi ya simu. Anazunguka nyumba akiwa ameshika simu, lakini haangalii vile vijiti vya juu ya kioo. “Vijiti ni siasa,” anasema. “Kila kampuni ya simu inajipangia vijiti vyake.” Anasoma namba iliyofichwa ndani ya mipangilio, ambayo siku zote ni hasi. Karibu na sufuri ni kuzuri, mbali ni kubaya. Juu ya kabati la vyombo ilikuwa hasi 112, maana yake ruta ilikuwa inanong’onezana na mnara. Dirisha la jikoni ikawa hasi 104. Chini ya paa upande wa nyuma, pale mwamba unapoacha mwanya, ikasoma hasi 93. Akatoa mwanzi. Mikoa mingine ingetumia bomba la chuma. Huku mianzi haikosekani, na inatoa ulanzi pia. Ruta ikafungwa juu ya mwanzi, ikalindwa mvua kwa ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, waya wa mtandao ukateremka sebuleni. Kwa nini asiiache ruta ndani na kupandisha antena tu? Kwa sababu waya mrefu wa antena hula mawimbi njiani, ilhali waya wa mtandao unaweza kwenda hadi mita 100 bila kupoteza kitu.

Sasa tuna njia mbili zinazofika sebuleni. Nani atachagua?

Hili ndilo lililonifanya nimwombe fundi arudie maelezo, na yeye akayarudia bila kuchoka. Katikati ya njia hizo mbili ameweka kiboksi cha MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake mafundi wetu wamevizoea mno. Ndani yake kila njia hupewa namba ya umbali: dishi 1, laini ya simu 2. Yenye namba ndogo ndiyo inayotumika. Ikifa, kiboksi kinahamia ya pili. Rahisi. Ugumu wote uko kwenye neno hilo “ikifa”. Mashine inajuaje kwamba njia imekufa?

“Taa ya kijani inadanganya,” fundi alisema, na safari hii hakucheka. “Taa inakwambia waya umechomekwa. Basi. Haikwambii kama upande wa pili kuna mtu.”

Kwa hiyo kiboksi hufundishwa kuuliza. Kila sekunde 10 kinatuma swali dogo: upo? Kikikosa jibu mara mbili mfululizo, kinaihesabu njia kuwa imekufa na kuhama. Mwanzoni fundi aliweka mpangilio wa kawaida, ambamo swali huulizwa kwa kituo kinachofuata, yaani mnara wa yule mwenye dishi. Usiku mmoja intaneti ikafa na kiboksi hakikuhama. Familia ilikaa gizani kimtandao hadi asubuhi, laini ya akiba ikiwa hai, ina bando. Kilichotokea ni kwamba mnara ulikuwa mzima kabisa. Ulikuwa unajibu “nipo” kila unapoulizwa, wakati huko mbele yake njia ilikuwa imekatika. Ni sawa na kumuuliza mlinzi wa getini kama bosi yupo, naye akakujibu kwamba geti lipo.

Dawa yake ni kuuliza mbali zaidi. Fundi alichagua 8.8.8.8, anwani ya Google inayotumika tangu 2009, na 1.1.1.1 ya Cloudflare, iliyoanza Aprili 1, 2018. Anauliza mbili, kwa kuwa aliyeulizwa naye anaweza kuugua, na si haki kuihukumu njia kwa ugonjwa wa shahidi mmoja. Halafu kuna mtego ambao, anasema, umewaliza mafundi wengi. Maswali hayo lazima yafungwe yapite kwenye dishi tu. Yakiachwa huru, kiboksi kikishahamia kwenye laini ya simu kitauliza kupitia laini ya simu, kitajibiwa vizuri, kitadhani dishi limepona, kitarudi kwenye dishi, kitakosa jibu, kitahama tena. Kwenda na kurudi usiku kucha. Kila kikihama, simu ya WhatsApp inakatika, maana anwani unayoonekana nayo huko nje imebadilika.

Nilimuuliza: na kama ungeuliza anwani iliyoko Dar es Salaam?

Alinyamaza kidogo. Kisha akanikumbusha Mei 12, 2024, Jumapili, siku mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. “Anwani ya Dar ingejibu vizuri tu. Ruta ingesema mambo safi, na wewe hufungui barua pepe.” Basi uliza ya mbali? Nayo ina utata wake. Anwani kama 1.1.1.1 hujibiwa na mashine zilizotapakaa miji mingi ya dunia, na ile iliyo karibu ndiyo huitika. Ukipata jibu, huwezi kujua kwa uhakika swali lako limesafiri hadi wapi. Huenda limevuka bahari. Huenda halikutoka nchini.

Siku ile ya Mei kiboksi cha mwalimu kilifanya kazi yake bila kosa: kiliuliza, kikahama, na huko kilikohamia nako mambo yalikuwa yaleyale. Njia mbili, bahari moja. Vivyo hivyo Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima na kukaa siku kadhaa kabla ya kurejea. Juu ya siku hizo fundi alisema sentensi moja tu, kwamba hakuna mwanzi mrefu kiasi hicho, akarudi kwenye bisibisi yake.

Mambo mengine ya pamoja ni ya hapahapa nyumbani. Umeme ukikatika, dishi, kiboksi na ruta vinazimika pamoja, hata ziwe njia kumi; kwa hiyo ameweka betri ndogo ya volti 12 inayovibeba vyote vitatu. Hata hivyo mnara wa simu nao una betri zake, na umeme ukichelewa kurudi, betri za mnara zinaweza kuisha kabla ya za mwalimu. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna radi. Waya unaoteremka kutoka kwenye dishi unaweza kuileta radi hadi mezani, na waya wa kwenye mwanzi nao hivyohivyo. Amri yake kwa watoto wa nyumba hiyo ni kwamba mawingu yakiwa meusi, chomoa vyote. Nikamwambia kwamba kwa amri hiyo, saa ambayo akiba inahitajika zaidi ndiyo saa ambayo imechomolewa. Akasema ndiyo. Hakuongeza neno.

Bando lenyewe lina walaji wasioonekana. Kompyuta ikiona mtandao, haijui kama ni dishi lisilopimwa au laini ya kupimiwa. Inaanza kushusha masasisho yake na asubuhi bando ni historia. Fundi ameandika kanuni kwenye kiboksi: njia ikiwa ya simu, televisheni haipati kitu na masasisho ya kompyuta yanazuiwa. Simu za wazazi na kompyuta ya binti wa mwalimu ndizo zinazopita. Binti alifurahi. Mdogo wake, mwenye televisheni, amelifikisha suala hilo kwa mama.

Lililobaki ndilo linalomsumbua fundi, na baada ya kumsikiliza linanisumbua na mimi. Mwalimu alitaka laini ya kampuni tofauti kabisa, ili kuwe na njia ya pili ya kweli. Lakini minara mingi nchini si mali ya kampuni za simu tena. Helios Towers ilinunua ya Tigo, ambayo leo ni Yas, kisha 2013 ikanunua ya Vodacom. Airtel nayo imeuza ya kwake. Kampuni zinapanga kwenye nguzo moja, wakati mwingine kwa jenereta moja. Na nyuma ya nguzo kuna Mkongo wa Taifa, ambao sehemu ya nyaya zake imepita juu ya nguzo za TANESCO. Kubadili laini si lazima kuwe kubadili mnara, na kubadili mnara si lazima kuwe kubadili njia ya kwenda Dar. Mteja anaambiwa spidi, anaambiwa bei, anaambiwa zawadi za msimu. Haambiwi njia yake inapita wapi, ingawa nadhani kwa anayelipia njia mbili hilo ndilo jambo la kwanza alilostahili kuambiwa.

Fundi alijaribu kuulizia. Alishuka mjini, akaingia duka la kampuni moja ya simu, akauliza mnara unaohudumia upande wa Tosamaganga unapata intaneti kwa waya au kwa redio, na kama ni waya, unashika barabara ipi. Kijana wa kaunta alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akamuuliza kama anataka bando la wiki au la mwezi.

Alichukua la mwezi.