Majuto ya Muuaji wa Kukodiwa: Picha ya Hong Kong na Funzo Lake kwa Mwenye Silaha

Si jambo geni askari kupenda picha za mapigano. Tangu picha za Bruce Lee zilipojaza majumba ya sinema ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, hadi zama za vibanda vya video, askari na raia kwa pamoja wamezipenda kazi zitokazo Hong Kong. Wengi huzitazama kwa kupitisha wakati tu, wakiisha kuzitazama huzisahau. Leo tunapenda kuizungumzia moja ambayo, kwa maoni yetu, yastahili kutazamwa na kila mtu aliyekabidhiwa silaha. Hatuipendekezi kwa ajili ya mapigano yake, ingawa ni mengi na yamepangwa kwa ustadi mkubwa. Tunaipendekeza kwa ajili ya watu watatu wasio na hatia ambao mtazamaji huwasahau upesi.

Picha hiyo inaitwa kwa Kiingereza The Killer, nayo ilitolewa Hong Kong mwezi wa Julai 1989, mji huo ulipokuwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Waigizaji wake wanazungumza Kikantoni, na kwa lugha hiyo jina lake ni jingine kabisa: lina maana ya mashujaa wawili wamwagao damu. Tunamwomba msomaji alikumbuke jina hilo la pili, kwani ndilo lililobeba kiini cha habari. Jina la Kiingereza linamtaja muuaji mmoja. Jina la Kikantoni linataja watu wawili, na wa pili wao ni inspekta wa polisi.

Mtungaji na mwongozaji

Aliyeitunga na kuiongoza ni John Woo, aliyezaliwa Guangzhou nchini China mwaka 1946 na kukulia Hong Kong katika umaskini. Usiku wa Krismasi ya mwaka 1953 moto uliteketeza vibanda vya Shek Kip Mei, ukawaacha watu wapatao 53,000 bila makazi, na jamaa yake Woo walikuwa miongoni mwao. Alisoma kwa msaada wa kanisa, na alipokuwa kijana alitamani kuwa mhubiri. Basi mtazamaji asistaajabu kuona kwamba picha hii inaanzia kanisani na kumalizikia kanisani, na kwamba njiwa weupe wanaruka katikati ya milio ya bastola.

Woo alijifunza kazi yake mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kumsaidia Chang Cheh, mwongozaji mashuhuri wa picha za mashujaa wa upanga. Katika picha za aina hiyo shujaa huishi kwa kiapo, hulipa deni lake hata kwa roho yake, wala hamwachi rafiki. Woo aliichukua miiko hiyo ya kale akaipeleka katika mji wa magari na majumba marefu, na upanga ukawa bastola. Aidha, hakuficha kwamba alijifunza mengi kutoka kwa Mfaransa Jean-Pierre Melville, ambaye picha yake ya mwaka 1967, Le Samouraï, yahusu muuaji mpweke wa kukodiwa. Mwaka 1990 Woo alipewa tuzo ya mwongozaji bora wa Hong Kong kwa kazi hii.

Habari yenyewe

Ah Jong, ambaye anaigizwa na Chow Yun-fat, ni muuaji wa kukodiwa. Usiku mmoja anaingia katika klabu ya muziki kumwua mtu aliyelipwa amwue. Katika vurugu hiyo moto wa bastola yake unamwunguza macho mwimbaji wa klabu, binti aitwaye Jennie. Kioo cha mbele cha macho yake kinaharibika, na polepole anaelekea upofu. Ah Jong anaijua hatia yake. Anamfuata binti huyo, anamlinda, anampenda, naye Jennie hajui kwamba anayemshika mkono ndiye aliyemwondolea nuru. Ili apate fedha za kumtibu, Ah Jong anakubali kazi moja ya mwisho ya kuua.

Hapo ndipo kosa lake linapozaa kosa jingine: mtu anataka kulipia damu kwa damu nyingine. Tajiri aliyemkodi, Johnny Weng, mkubwa wa genge la wahalifu, anakataa kumlipa na badala yake anatuma watu wamwue. Wakati huo huo Inspekta Li Ying, anayeigizwa na Danny Lee, anamsaka muuaji huyo mchana na usiku. Kadiri anavyomsaka ndivyo anavyozidi kumwelewa. Liko tukio moja ambalo halisahauliki: watu hao wawili wamesimama chumbani mwa Jennie, kila mmoja amemwelekezea mwenzake bastola usoni, huku binti asiyeona akiwaandalia chai, nao wakijifanya marafiki wa tangu utotoni ili asiingiwe na hofu.

Bastola mbili na uwanja wa shabaha

Kabla hatujaendelea, yatupasa kuondoa udanganyifu mmoja. Ah Jong hupiga kwa bastola mbili, moja kila mkono, huku akiruka na kujigeuza, na kila risasi hupata mtu. Kuruta yeyote aliyekwisha kulala kwenye uwanja wa shabaha anajua kwamba hayo ni ya sinema. Mtu hawezi kuzilinganisha shabaha za bastola mbili kwa wakati mmoja, na mkono mmoja hauizuii silaha kama inavyozuiwa na mikono miwili. Tena, magazini ya kawaida ya bastola ya Beretta ya aina ile hubeba risasi 15, lakini katika picha hii risasi haziishi mpaka mwongozaji apende ziishe.

Hata hivyo, jambo moja ni la kweli tupu, nalo ndilo msingi wa habari nzima. Moto, gesi na chembe za baruti zitokazo kwenye mdomo wa bastola huweza kumpofusha mtu aliye karibu, hata kama risasi yenyewe haikumgusa. Askari anafundishwa aangalie kilicho mbele ya silaha yake na kilicho nyuma ya shabaha yake. Ni mara chache kufundishwa aangalie aliye ubavuni.

Watu watatu

Sasa tuwataje wale watatu. Wa kwanza ni Jennie mwenyewe. Wa pili ni mtoto mdogo wa kike, anayepatwa na risasi ufukweni wakati watu wa Weng wanapomshambulia Ah Jong. Wa tatu ni mama mmoja ndani ya tramu. Jambazi anayekimbizwa na Inspekta Li anamkamata mama huyo na kumfanya mateka. Inspekta anapiga, anamwua jambazi, na hakuna risasi yake hata moja inayomgusa mateka. Lakini mama yule ana maradhi ya moyo, na hofu inamwua. Wakubwa wa inspekta wanamkemea. Yeye anaona ameonewa, kwani alimpata aliyemkusudia.

Wapiganaji wengi watamwonea huruma inspekta, na sisi tunamwonea pia. Lakini tuipime habari hiyo kwa haki. Mwimbaji ameharibiwa na mhalifu, na mama wa tramu ameharibikiwa mikononi mwa polisi. Je, kwa watoto wa mama yule tofauti hiyo ina uzito gani? Maji yakimwagika hayazoleki, awe aliyeyamwaga ni mwivi au ni mlinzi wa nyumba.

Kwa mtoto wa ufukweni yanatokea mengine. Ah Jong ana nafasi ya kutoroka, nao polisi wako nyuma yake. Badala ya kukimbia anamchukua mtoto yule na kumkimbiza hospitali, na hamwachi mpaka anapoona pumzi zake zimerudi. Kuanzia hapo Inspekta Li haamini tena kwamba anamwinda mnyama.

Walivyobadilishana nafasi

Mwisho wa picha ni kanisani. Maadui ni wengi kupita hesabu, sanamu ya Bikira Maria inavunjwa vipande vipande, na muuaji na inspekta wanapigana bega kwa bega. Ah Jong alikuwa ameweka ahadi kwamba akifa, macho yake apewe Jennie. Lakini risasi za Weng zinampiga machoni. Vipofu wawili wanatambaa chini wakitafutana, wanapishana bila kugusana, naye Ah Jong anakufa. Ile zawadi moja aliyotaka kuiacha imeharibiwa kwa silaha ya aina ile ile iliyoanzisha msiba. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Kisha Weng anatoka nje, anajisalimisha mbele ya kikosi cha polisi. Hana hatari tena kwa mtu yeyote. Inspekta Li anamfuata na kumpiga risasi mbele ya askari wenzake.

Tulipoitazama picha hii katika bwalo la kambi moja pamoja na askari vijana, hapo ndipo makofi yalipolipuka. Nasi tukiri: mikono yetu ilikuwa imekwisha kuinuka. Ilitubidi tuishushe, na hicho ndicho kisa cha makala haya.

Kwa maana tazama kilichotendeka. Mwaka 1990, mwaka mmoja baada ya picha hii kutolewa, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana ulipitisha kanuni za matumizi ya nguvu na silaha kwa walinda sheria. Kanuni hizo zasema kwamba silaha isitumiwe dhidi ya mtu isipokuwa kuzuia hatari iliyo karibu ya kifo au jeraha kubwa, na kwamba aliyejeruhiwa apatiwe tiba mapema iwezekanavyo. Kwa upande wa wanajeshi, Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamlinda aliyekwisha kuweka silaha chini. Basi katika picha hii ni nani aliyetimiza wajibu wa kumpeleka majeruhi hospitali? Ni mhalifu. Na ni nani aliyemwua mtu aliyejisalimisha? Ni inspekta. Wamebadilishana nafasi, na jina la Kikantoni lilituonya tangu mwanzo kwamba wamwaga damu ni wawili.

Yuko atakayesema kwamba Weng alistahili kufa. Huenda alistahili, lakini kustahili hupimwa na mahakama, si na kidole kilicho kwenye triga. Ah Jong naye aliamini kwamba watu aliowaua walistahili, na kwa imani hiyo akaingia klabu ile usiku ule.

John Woo aliitengeneza upya picha hii mwaka 2024, safari hii katika mji wa Paris, na muuaji akiwa mwanamke. Lakini tunawashauri wasomaji waitafute ile ya mwaka 1989. Wakiipata, waitazame hadi mwisho, na tukio la mwisho litakapofika, wamkumbuke yule mama wa tramu kabla ya kupiga makofi.